Draiva ya Kadi ya Michoro: Nani Aisasishe?

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho wengi hawakifikirii mpaka siku kompyuta inapowaka na skrini ikabaki nyeusi: draiva ya kadi ya michoro katika mfumo wa Linux, na hasa swali la nani anayepaswa kuisasisha. Swali hili limekuwa la watu wengi zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa upande wa Intel, karibu zote zilizotangulia kizazi cha nane zimeachwa nje. Sasa tazama kompyuta za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Luthuli Avenue au katikati ya Kampala. Nyingi zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya na za Ghuba, zina umri huohuo ulioachwa nje, na maunzi yake bado ni mazima. Anayetaka kuendelea kuitumia mashine ya namna hiyo kwa usalama hushauriwa ahamie Linux, na ushauri huo ni mzuri. Ila anapohama, huhama na mazoea ya Windows, na zoea la kwanza ni hili: ukishamaliza kuweka mfumo, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi, pakua draiva mpya kuliko zote, iweke.

Mimi nashikilia kwamba zoea hilo halifai kwenye Linux, na sababu zake si za kiitikadi. Draiva ya michoro inapaswa kutoka katika hazina ileile ya programu inayotoa kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikiwa imejengwa na kujaribiwa na watu walewale wanaoijenga hiyo kerneli. Na nasema zaidi ya hapo: kama draiva ya kadi fulani haiwezi kuja kwa njia hiyo, basi kadi hiyo ina maisha mafupi kuliko maunzi yake, na mnunuzi anastahili kulijua jambo hilo kabla hajatoa pesa.

Tuanze na jinsi picha inavyofika kwenye skrini. Unapofungua kivinjari, hicho kivinjari hakizungumzi na kadi moja kwa moja. Hupeleka maombi ya kuchora kwenye maktaba za michoro, na kwenye Linux maktaba kuu ni Mesa, mradi ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Mesa huyageuza maombi hayo kuwa amri ambazo kadi husika inazielewa. Amri hizo hupokewa na sehemu ya pili ya draiva, inayokaa ndani ya kerneli, na kazi yake ni kugawa kumbukumbu ya kadi, kupanga foleni ya kazi na kuamua ukubwa wa picha itakayoonekana. Ndani ya kadi yenyewe, kwa kadi za kisasa, kuna programu nyingine ndogo inayopakiwa kila mashine inapowashwa. Kwa hiyo tukisema draiva tunataja angalau vitu vitatu, vinavyokaa mahali patatu, na ambavyo lazima vielewane. Kwa kadi za AMD na za Intel, sehemu ya kerneli imo ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe, sehemu ya maktaba imo ndani ya Mesa, na ile programu ya ndani ya kadi huja katika kifurushi cha distro, yaani toleo la Linux unalotumia, kama Debian au Ubuntu. Ukisasisha mfumo wako kwa meneja wa vifurushi, kama apt au dnf, draiva imekwisha sasishwa. Kwa zile kompyuta nyingi za mtumba ambazo michoro yake ni ya Intel, iliyomo ndani ya prosesa, mazungumzo haya yangeweza kuishia hapa: draiva unayo tayari, hakuna cha kupakua.

Ugumu unaanza pale draiva inapokuwa nje ya kerneli. Waliojenga Linux walijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, ambayo mwanzilishi wa Linux, Linus Torvalds, ameisimamia kwa ukali miaka yote, ni kwamba kerneli mpya haitakiwi kuharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri juu ya kerneli ya zamani. Ya pili inahusu mambo ya ndani, nayo ni kinyume cha hiyo: namna sehemu za ndani ya kerneli zinavyoitana haina ahadi yoyote ya kubaki ilivyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, aliandika waraka wa kuitetea kanuni hiyo ya pili, na waraka huo umo ndani ya nyaraka za kerneli hadi leo. Hoja yake inafuatika. Anayebadilisha kitu ndani ya kerneli anawajibika kurekebisha kila draiva iliyomo humo inayoguswa na badiliko lake. Draiva iliyoko nje haioni, hivyo hawezi kuirekebisha, na wala hadaiwi. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Kila inapotoka, draiva ya nje inaweza kukuta kitu ilichokitegemea kimebadilishwa jina, kimebadilishwa umbo, au kimeondolewa kabisa. Mwenye draiva hiyo ni sawa na mshonaji aliyeletewa kipimo cha mkono peke yake: anashona mkono mzuri, halafu anakuta bega la kanzu limeshakatwa upya.

Draiva maarufu iliyoishi nje kwa miaka mingi ni ile ya NVIDIA. Tofauti yake na Mesa inaonekana katika jambo moja ambalo mtu yeyote anaweza kulishuhudia. Kati ya Mesa na kerneli kuna mpaka ulioandikwa hadharani, na mpaka huo unalindwa na ile kanuni ya kwanza ya Torvalds. Ndiyo maana unaweza kuweka Mesa mpya juu ya kerneli ya mwaka juzi na kazi ikaendelea. Kwa NVIDIA, mpaka kati ya sehemu ya kerneli na maktaba zake ni jambo la ndani ya kampuni, hubadilika toleo kwa toleo, na pande zote mbili lazima ziwe na namba ileile hadi tarakimu ya mwisho. Ukisasisha vifurushi vyake bila kuwasha mashine upya, kisha ukaandika amri nvidia-smi kwenye terminali, utajibiwa kwa ujumbe wa hitilafu kwamba matoleo ya draiva na maktaba hayalingani. Hapo hakuna kilichoharibika. Moduli ya zamani, yaani ile sehemu ya kerneli, bado imo kwenye kumbukumbu, maktaba mpya zimo kwenye diski, na hazielewani. Kuwasha upya kunamaliza tatizo. Lakini ujumbe huo unaeleza hali halisi ya draiva ya aina hii: kila sasisho ni lazima libadilishe kila kitu kwa pamoja, na kifurushi kimoja kikichelewa, chote kinakwama.

Sasa tulitazame tukio lenyewe la skrini nyeusi kwa karibu, maana hapa ndipo watu huumia. Mtu ana Debian au Ubuntu, na amepakua faili la kisakinishi kutoka kwa mtengenezaji, lenye megabaiti zaidi ya 300. Analiweka, kadi inafanya kazi vizuri, anaridhika. Wiki chache baadaye mfumo unamletea kerneli mpya iliyozibwa tundu la usalama. Anakubali, anazima, anawasha. Kerneli mpya inatafuta moduli ya NVIDIA iliyojengwa kwa ajili yake na haioni, kwa kuwa iliyopo ilijengwa kwa ajili ya kerneli iliyopita. Draiva huria ya kadi hizo, inayoitwa nouveau, haiwezi kushika nafasi, kwa sababu wakati wa kuweka ile nyingine iliandikwa amri ya kuizuia. Kinachobaki ni skrini nyeusi, pengine na kistari kinachowaka na kuzima kwenye kona ya juu. Wengi hapo huamini kompyuta imekufa, au Linux ni mfumo mbovu, na hurudi walikotoka. Kumbe kompyuta ni nzima. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapoanza kuwaka, angeweza kuchagua kerneli ya zamani. Angeweza pia kubonyeza herufi e, kwenda mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, kuongeza neno nomodeset na kubonyeza F10. Mashine ingewaka, ingawa polepole, kwa kuwa sasa prosesa ndiyo inayochora kila kitu badala ya kadi. Amri glxinfo -B ingemwonyesha neno llvmpipe mahali palipotakiwa kuwa na jina la kadi yake, na kwa neno hilo angejua kosa liko wapi.

Iwapo mtu huyo angechukua draiva ileile kutoka hazina ya distro yake, mambo yangekuwa tofauti, na ni muhimu kueleza kwa nini. Kifurushi cha Debian hutumia DKMS, chombo kilichotengenezwa Dell zaidi ya miaka 20 iliyopita, ambacho hujenga moduli upya kila kerneli mpya inapoingia. Ni kweli kwamba hata kisakinishi cha mtengenezaji kinaweza kujisajili kwenye DKMS ukikubali. Lakini kujenga moduli kunahitaji vifurushi vya vichwa vya kerneli vyenye namba ileile, na kisakinishi hakiwezi kuagiza mfumo uvilete kila mara. Meneja wa vifurushi anaweza, kwa sababu utegemezi huo umeandikwa ndani ya vifurushi vyenyewe. Halafu kuna Secure Boot, ambayo hukataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Ubuntu imelitatua hilo kwa hatua zaidi: kwa kerneli zake inatoa moduli za NVIDIA zilizokwisha kujengwa na kutiwa saini, zinazofuatana na kerneli, ili moja isifike bila nyingine. Kompyuta ya mtumiaji haijengi kitu. Nikisema mkono mmoja ushike vyote viwili, huo ndio mfano wake.

Na lipo suala la kumbukumbu za mafaili. Meneja wa vifurushi anajua kila faili aliloliweka, la nani, la toleo gani. Kisakinishi kinachoendeshwa nje yake huandika mafaili nyuma ya mgongo wake. Zamani kiliweza hata kufunika maktaba ya OpenGL iliyowekwa na Mesa. Kisha Mesa ikisasishwa, inalirudisha faili lake, na draiva ya NVIDIA inavunjika bila mtu kuelewa kilichotokea. Maktaba ya kugawa maombi iitwayo libglvnd imepunguza ugomvi huo sana, na sifa ya kuianzisha wanastahili wahandisi wa NVIDIA wenyewe. Hata hivyo, kuondoa draiva iliyowekwa kwa kisakinishi ili kuhamia kwenye kifurushi bado ni kazi inayowasumbua mafundi, na nyaraka za Debian hazikosei zinapowaonya watumiaji wasiweke draiva kwa njia hiyo.

Kuna atakayesema kwamba haya ni makosa ya mtumiaji asiyejua, wala si hitilafu ya mpangilio wenyewe. Namjibu kwa mwaka 2020. Kerneli 5.9 ilitoka Oktoba mwaka huo ikiwa na badiliko la kuzuia ujanja wa kisheria: baadhi ya kampuni zilikuwa zikitumia moduli nyembamba yenye leseni ya GPL kama daraja la kuingiza msimbo uliofungwa kwenye sehemu za kerneli zilizotengwa kwa ajili ya msimbo huria. NVIDIA iliwatangazia wateja wake kwamba draiva yake haikuwa inaifaa kerneli hiyo, na ikawaomba wasubiri hadi katikati ya Novemba. Hao walikuwa wateja wa kampuni kubwa, wenye wahandisi, na hawakukosea amri yoyote. Walikwama kwa sababu draiva yao ilikuwa inatengenezwa mahali pasipoonekana na wanaotengeneza kerneli. Waliokuwa wakitumia vifurushi vya distro imara hawakuguswa, kwa kuwa distro hizo hazikuwapa kerneli 5.9 wiki ile. Mwenye kadi ya Intel au AMD aliyeamua kuhamia kerneli hiyo mapema naye hakuguswa.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwangu unahusu umri. Tuchukue kadi mbili za mwaka 2012. Moja ni GeForce GT 610, kadi ya bei nafuu iliyouzwa dunia nzima, yenye chipu ya kizazi cha Fermi. Draiva ya mwisho ya NVIDIA kwa kizazi hicho ni ya tawi la 390, na kampuni iliacha kulitunza tawi hilo mwishoni mwa 2022. Tangu hapo, kila kerneli mpya inayotoka, mtu wa kujitolea lazima atengeneze kiraka ili tawi hilo lijengeke, na matundu ya usalama yaliyomo kwenye msimbo uliofungwa hayawezi kuzibwa na yeyote. Kadi ya pili ni ya familia ya Radeon HD 7000 ya AMD. Kwa upande wa Windows, AMD nayo iliiacha: Juni 2021 ilitangaza kwamba kadi hizo hazitapata tena draiva mpya. Kwa Linux hadithi ikaenda njia nyingine. Kwa kuwa msimbo wa draiva umo ndani ya kerneli na ndani ya Mesa, mtu asiye mwajiriwa wa AMD anaweza kuuendeleza, na aliuendeleza. Mwishoni mwa 2025, kazi iliyogharimiwa na Valve, kampuni ya gemu, ilipokewa kwa ajili ya kerneli 6.19, na kwa kazi hiyo kadi hizo za 2012 zikahamishwa kutoka draiva ya zamani ya radeon hadi draiva mpya ya amdgpu bila mwenye kadi kubadili mpangilio wowote. Mtu aliyenunua kadi hiyo mtumba, asiyejua lolote kuhusu habari hii, ataipata faida kwa kusasisha mfumo wake tu. Kampuni zote mbili zilifanya uamuzi uleule wa kibiashara wa kuacha maunzi ya zamani. Kilichotofautisha hatima ya kadi hizo ni mahali msimbo ulipowekwa.

Hapa ni haki nitaje jambo linaloonekana kunipinga. Draiva huria nazo huachwa. Mwaka 2022, Mesa 22.0 ilitoka bila draiva zake za muundo wa zamani; Radeon za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihamishiwa kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber, na hakuna jipya linaloongezwa huko. Sikatai. Watunzaji wana mikono michache, na msimbo usiojaribiwa na mtu ni mzigo kwa wote. Ila angalia namna ilivyofanyika. Michoro ya Intel ya kati ya 2006 na 2013, ambayo ilitegemea draiva moja ya muundo huo wa zamani, iliandikiwa kwanza draiva mpya, crocus, iliyoingia Mesa mwaka 2021, ndipo ile ya zamani ikaondolewa. Laptopu ya Intel ya 2012 haikukosa draiva siku hata moja. Zile ambazo hazikuandikiwa draiva mpya zilikuwa na umri wa karibu miaka 20, msimbo wake haukufutwa, na anayetaka kuufufua hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Kuachwa kwa namna hiyo kunaumiza kidogo kuliko kuachwa na msimbo uliofungwa. Na kwa ukweli uleule niongeze kwamba hata GT 610 haijafa: nouveau, iliyoandikwa na watu waliopima tabia ya kadi za NVIDIA bila nyaraka zake, na iliyoingia kerneli 2.6.33 mwaka 2010, bado inaweza kuchora dawati na kufungua kivinjari. Haitumii nguvu yote ya kadi, lakini inaifanya iwe na kazi.

Pingamizi linalosikika zaidi, hasa kwa vijana wacheza gemu, ni kwamba vifurushi vya distro ni vya kizamani. Wana hoja. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja na kerneli 6.1 na Mesa 22.3, kwa hiyo aliyenunua Radeon RX 9070 ilipoingia sokoni Machi 2025 hakuweza kuitumia ipasavyo kwa vifurushi hivyo, kwa sababu kadi yenyewe haikuwepo vilipoandikwa. Kwa mtu huyo, kumwambia awe mvumilivu ni kumwambia asitumie kadi aliyoilipia. Lakini jibu la shida yake si tovuti ya mtengenezaji. Ubuntu 24.04 ilitoka na kerneli 6.8; kufikia Agosti 2025, toleo lake la 24.04.3 lilikuwa limehamia kerneli 6.14, pamoja na Mesa mpya iliyofuatana nayo, ndani ya mfumo uleule wa miaka mingi. Debian ina hazina yake ya backports, inayotoa kerneli mpya zilizojengwa upya kwa ajili ya toleo imara. Na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ilikuja na kerneli 6.12 na Mesa 25.0. Kwa anayetaka mapya kila mwezi, Fedora na Arch zipo kwa kazi hiyo. Chagua distro inayoendana na umri wa kadi yako. Usichukue distro ya watu wanaopenda utulivu kisha ukaipandikizia kiungo cha haraka kwa nguvu. Nakubali ubaguzi mmoja: anayejaribu draiva ili kusaidia kuiboresha, anayejenga Mesa mwenyewe na kuripoti kasoro. Huyo anajua anachokifanya, na wote tunamdai shukrani.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa. Mashine inafanya kazi, wanasema, kwa nini niguse? Nazima masasisho. Ushauri huu nauona wa hatari kuliko ule wa kupakua ovyo, kwa sababu madhara yake hayaonekani. Sehemu ya draiva iliyomo ndani ya kerneli ina mamlaka kamili juu ya mashine. Kivinjari cha leo humpa mwenye tovuti yoyote uwezo wa kutuma kazi za kuchora kwenye kadi yako kupitia WebGL. Ndiyo maana Firefox na Chrome hutunza orodha za draiva mbovu ambazo hazitaziamini. NVIDIA yenyewe hutoa taarifa za matundu ya usalama ya draiva zake mara kwa mara kila mwaka. Anayefunga masasisho hafungi kwa draiva peke yake, anafunga na kerneli, maana vyote viwili vinaambatana. Distro imara humpa anachokitafuta bila hatari hiyo: haibadilishi mwenendo wa mfumo, bali huziba matundu.

Limebaki pingamizi gumu kuliko yote, nalo ni la kazi. Mtafiti wa chuo kikuu anayefundisha modeli za lugha, mhandisi wa picha, mtu wa filamu, wote wanategemea CUDA, mfumo wa kufanyia hesabu kwenye kadi, na CUDA inataka draiva ya NVIDIA. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo abadilishe kadi. Zana zake zote zimeandikwa kwa ajili ya kadi ile. Hali yake imekuwa nafuu, na sifa itolewe inapostahili. Mei 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli, kwa leseni za MIT na GPL, kwa kadi za kizazi cha Turing na baada yake. Kwa kizazi cha Blackwell moduli hizo huria ndizo pekee zinazofanya kazi. Kwenye Mesa kuna draiva ya Vulkan iitwayo NVK inayozihudumia kadi hizo bila maktaba za kampuni, na ndani ya kerneli imeanza kujengwa draiva mpya, Nova, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Lakini tusivuke ukweli. Moduli zilizofunguliwa bado ziko nje ya kerneli, bado zinadai maktaba zenye namba ileile, na maktaba hizo, pamoja na CUDA, bado zimefungwa. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na moduli imehamishiwa kwenye programu ya ndani ya kadi, ambayo nayo imefungwa. Kwa hiyo mtafiti huyo aiweke draiva yake kutoka hazina ya distro, aruhusu kerneli na moduli zisasishwe pamoja kwa siku aliyoichagua yeye, awashe mashine upya siku hiyohiyo, na asiiondoe kerneli ya zamani mpaka ameona kazi yake inakwenda.

Kwa mnunuzi wa mtumba, haya yote yanaweza kupimwa dukani kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji awashe mashine kwa flashi yenye Linux, fungua terminali, andika lspci -k, utafute mstari wa kifaa cha VGA. Chini yake pameandikwa draiva inayotumika. Ukiona i915, amdgpu au radeon, mashine hiyo itakuwa inapata draiva yake pamoja na kerneli, na swali la kupakua chochote halitakuja. Ukiona nouveau, soma jina la chipu lililoandikwa kwenye mstari huohuo. Ikiwa ni ya Turing au mpya zaidi, njia zote mbili, ya kampuni na ya huria, ziko wazi kwako. Ikiwa ni ya zamani zaidi ya hapo, uliza kama ndani ya prosesa mna michoro ya Intel inayoweza kutumika badala yake, kama ilivyo kwa laptopu nyingi za aina hiyo. Ikiwa haimo, ipange bei kwa hesabu ya kadi itakayochora dawati na kivinjari kwa nouveau, si kwa hesabu ya gemu alizoziandika muuzaji kwenye kibandiko.